Matawi ya Palmier ku Mulango ya Chef

Hii habari inanionyesha mujinga, nakubali mbele. Batoto bangu banaijua kwa kichwa, banaanza kucheka hata mbele nifike pa kuchekesha. Lakini mweye bajeune munaanza kazi ya jardin, ya bustani, musikie.

Siku ya kwanza ku pépinière, pale tulikuwa tunaotesha miti ya kampuni, Chef alinitazama kutoka biatu mpaka kichwa. Ilikuwa wakati ya Zaïre, kila mutu citoyen, hata mi mwenye niliishia primaire.

— Citoyen, unajua kulima?

— Najua, Chef.

— Basi sahau. Hapa hatulimake. Hapa tunalea.

Ule Chef alikuwa na ugonjwa moja: palmier, ile miti ya sawa munazi na mutende. Kolwezi iko juu, ku milima. Mu saison sèche, mwezi ya sita na ya saba, asubui pembeni ya mutoni unakuta majani meupe sawa mutu alimwanga chumvi. Njo gelée ile, maji ya usiku kuganda ku majani. Palmier ya murefu, ya kupendeza, inakufa. Ile ya fupi, ya rangi ya majivu, inavumilia baridi, lakini uzuri hakuna, iko sawa fagio. Basi unakamata poudre, ule unga ya maua ya ile murefu, unaipakaa na pinceau, brashi ya kidogo, ku maua ya ile fupi. Mutoto mwenye kutoka hapo njo hybride: anakuwa murefu sawa baba, anavumilia baridi sawa mama. Bazungu banamuita mulet, sawa mutoto wa punda na farasi, juu na yeye hazalake.

Chef alipanda mbegu mingi, ikaota moja. Moja! Akaiweka mu parcelle yake, mbele ya nyumba, aone kama itapita baridi ya kwetu. Ikipita, kampuni itamuacha aoteshe ingine ya kupanda ku avenue ya camp ya batumikaji. Ikikufa, basi, palmier tutaiona tu ku picha ya calendrier.

Saison sèche ya tatu, Chef akaenda ku hôpital kupasuliwa hernie ya tumbo. Akaniachia muti.

— Magaribi unafunika na gunia, asubui unafunua. Chini unaweka majani makavu. Na kisu?

— Kisu nini, Chef?

— Kisu inabaki ku mufuko! Jani hata ikauke, ni blanketi yake. Palmier iko na roho moja tu, hapa katikati, pale jani mupya inatokeaka. Baridi ikifika pale, ni kwisha.

— Oui, Chef.

Mi nilikuwa mutu wa kusema oui mbiyo, masikio inafika nyuma.

Siku ine hazikupita, gelée ikaunguza majani ine ya chini. Inaninginia sawa suruali ya mulevi. Nikawaza: Chef akirudia, akute hii aibu? Nikatosha kisu, nikakata yote ine. Halafu, juu mbuzi ya bajirani ilikuwa inaingia-ingia, nikasimamisha yale matawi ku mulango ya parcelle, mbili huku, mbili kule. Nikaenda kuchota maji ku robinet ya avenue, foleni ilikuwa murefu.

Kwetu, matawi ya palmier ku mulango inasema neno moja tu: humu iko kilio.

Kurudia, nikakuta bamama bamejaa, bamekaa chini, bitambaa imetoka ku kichwa. Mama Zaituni, jirani, bibi ya mu-Islamu moja mwenye camion, alikuwa anajipiga bifua:

— Chef wetu! Mutu wa kimya vile! Nani atanipa tena miche ya citron!

Nikatazama bamama. Nikatazama matawi. Na mi, mi mwenyewe na kisu mu mufuko, nikasema: Yoo, Chef amekufa! Nikatupa ndoo, nikaanguka chini, nikalia kupita bote. Tulilia muzuri. Baba moja alishaleta na kuni ya moto ya kilio.

Njo Mama Chef, bibi yake Chef, akatokea, anatoka ku hôpital, sufuria ku kichwa. Akasimama ku mulango.

— Nani amekufa mu nyumba yangu?

Mama Zaituni akajibu pole:

— Mama... si bwana yako?

— Bwana yangu nimemuacha sasa hivi, anagombana na infirmier juu ya supu!

— Na hii matawi?

Macho yote ikaanza kutafuta mutu. Mi nilikuwa ningali nalia, juu kilio haisimamake mara moja. Mama Chef akaona kisu.

— Weye!

Mama Zaituni akanipiga na kitambaa chake:

— Mupumbafu! Umenimalizia machozi ya mwaka muzima!

Chef akarudia, banamuelezea. Akacheka, mikono ku tumbo: «Muache kunichekesha, muache, uzi ya kidonda itakatika!» Halafu akaona muti. Akaacha kucheka.

— Umeivula nguo mu baridi.

Ni ile tu. Hakunifukuza. Ingekuwa heri anifukuze. Nikaleta blanketi yangu ya nyumba, nikaifunga muti. Mi nikajifunika gunia, mpaka baridi ikaisha.

Sasa, ya kujua kama palmier iko muzima: jani ya katikati, yenye ingali imefungwa sawa mukuki, unaikamata, unavuta pole. Ikitoka, roho imeoza.

— Vuta, Chef akanambia.

— Chef, mi naogopa.

— Na mi pia. Vuta.

Nikavuta. Ikashika. Nikavuta tena, akanipiga ku mukono:

— Inatosha! Unataka kuiua mara ya pili?

Nyuma ya Chef kuacha kazi, nilitumika chini ya bachef batatu: moja wa marosi, moja wa gazon, ile majani ya kukata fupi, moja mwenye alipenda tu kuandika rapport. Muti ilikuwa murefu, ikapita nyumba. Ku avenue ya camp tulipanda ingine, haba, si vile Chef alitaka. Na kisu yangu ilijifunza kukawia.

Siku ya retraite yangu, ya kupumzika kazi, Chef alikuja, muzee sasa, akakaa pembeni yangu.

— Unajua, shiye na bibi yangu tulitoka kule kaskazini. Huku sina ndugu, sina shemeji. Ku kitanda ya hôpital nilikuwa nawaza: nikifia Kolwezi, nani atakuja kukaa chini ku kilio yangu? Weye njo ulinijibu.

Nikamusogezea kikombe yangu.

— Lakini, akauliza, ulilia kweli?

— Kweli, Chef.

— Basi siku yenyewe ikifika, usilie tena. Uje tu, ukae. Ya kulia, ulishamaliza.