Mshukiwa wa Kwanza

Siku ya soko pale Tala, mwanamke aliyekuwa akijaribu blauzi za mtumba alipiga mayowe kwamba mkoba wake umeibwa. Mwanamume mwenye buti zilizojaa vumbi la saruji alikuwa akipita mbio, akiwahi gari la kwenda Athi River. Watu wakamkamata yeye.

"Mwizi! Mchomeni!" alipaza sauti jamaa mmoja mwenye koti. Watu wakaanza kuokota mawe.

Mama muuza nguo akajitia katikati, suruali tatu zikining'inia begani.

"Ngojeni! Mimi naangalia filamu za upelelezi kila Jumapili pale kwa ukumbi wa video. Yule anashukiwa kwanza, hakuna siku amekuwa ndiye mwizi. Na yule anapiga kelele kushinda mwenye kuibiwa, huyo ndiye wa kupekuliwa!"

Watu walicheka, na mtu akicheka mkono hulegea. Jamaa wa koti akapekuliwa huku akiapa kwa jina la mamake. Hakuwa na kitu. Mkoba ulipatikana chini ya rundo la blauzi, pale mwenyewe alipouweka.

"Mama, filamu zako zimetudanganya," mmoja akamwambia.

"Nusu tu," akajibu, akikunja suruali zake.

Nimewahi kuandika katika safu hii kwamba filamu hizo ni kupoteza wakati. Nafuta maneno hayo. Mwanamume yule wa buti za saruji alipanda gari akiwa mzima, kwa sababu mtu mmoja sokoni alikuwa amezoea kungoja hadi mwisho kabla ya kuamua mbaya ni nani.