Mgongo wa Mama Mkwe

Hotelini alikuwa mpiga pasi anayeaminiwa, mashuka yake hayana hata kikunjo. Nyumbani usafi wake uligeuka ukali. Mama mkwe, mama wa mumewe, alikuja kukaa nao, na wiki kadhaa baadaye akaanza kujikuna. Mpiga pasi alimtengea kikombe, sahani na shuka la peke yake. Mwenye macho haambiwi tazama: mama mkwe alifunga mzigo, akaaga akisema kuku wake wamekosa mtu wa kuwaangalia.

Muwasho haukuondoka naye. Mpiga pasi alijikuna hadi kazini, msimamizi akamkataza kugusa mashuka mpaka apimwe.

Kwenye zahanati, tabibu alimtazama katikati ya vidole kwa kioo cha kukuzia, akamwonyesha vijistari vyembamba kama uzi.

"Ni upele, dada. Wadudu wanachimba humu ndani ya ngozi."

"Mimi? Naoga asubuhi na jioni."

"Nao wanaoga na wewe. Ulianza kuwashwa lini?"

Alitaka kusema baada ya mgeni kuja. Akakumbuka vipele vya vidoleni ambavyo aliisingizia sabuni ya kufulia, mama mkwe hajafika bado.

"Kabla mgeni wangu hajaja," alisema, macho chini.

Tabibu alimpa dawa ya kupaka: nyumba nzima siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, hata asiyewashwa, na kurudia baada ya wiki. Nguo na mashuka, maji ya moto. "Na huyo mgeni pia. La sivyo mtaambukizana tena."

Alimpigia simu mama mkwe akiwa amesimama kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna. Ule muwasho ni upele, mama. Ulitoka kwangu."

"Na mimi nilishaamini ni uchafu wangu," alisema mama mkwe. "Hata kwa majirani siendi."

"Nisamehe, mama. Dawa ya kupaka ipo."

"Msamaha utanipaka dawa mgongoni? Mkono wenyewe haunyanyuki."

Jumamosi, baada ya kuwapaka wa nyumbani kwake, alikwenda. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, akashusha kanga hadi kiunoni, uso ukutani. Mgongo ulijaa michubuko ya kucha, mingine imekauka, mingine mibichi. Dawa ilipogusa, mzee alivuta pumzi.

"Inachoma, mama?"

"Paka tu. Chini ya bega hujafika."

Akapaka chini ya bega, akishukuru kwamba mama mkwe hakugeuka kumtazama.