Bomba alilofungua waziri

Hapa Magarama, mtaani kwetu Gitega, bomba la nyumbani likianza kukohoa kabla ya kutoa maji, naliacha wazi natoka nje. Binti wa marehemu mdogo wangu ndiye hulifunga. Anaona mama yake mkubwa amechanganyikiwa kidogo, na hakosei.

Mdogo wangu aliolewa Muyinga. Siku zake za kujifungua zilipokaribia, nilifunga cherehani nikaenda kumsaidia. Bomba la kituo cha afya lilikuwa limekauka miezi mingi. Kisha shefu wa kilima, mkuu wa kijiji chao, akatangaza: Jumamosi, kwenye kazi za jamii, hatutafyeka barabara, tutajaza tangi la kituo, maana waziri anakuja kuzindua maji. Tukashuka bondeni na madumu, tukapanda nayo kichwani, mimi nikitukana kila hatua.

Waziri alifungua bomba kwa mkono wake. Maji yakatoka. Akanawa, akacheka, akatuuliza, "Wamama, sasa maji iko?"

Mdomo wangu hauna breki, soko zima la Gitega linajua. Nilishaufungua. Mdogo wangu, ameketi kwenye benchi na tumbo lake, akanivuta kitenge.

"Dada, nyamaza. We utarudi Gitega. Mi nitazalia hapa, watanichukia."

Nikanyamaza. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Jumatano uchungu ukamshika. Tangi lilikuwa tupu. Mkunga aliniangalia, akanipa dumu, akasema tu, "Mama, bondeni." Nilikimbia kama mwendawazimu, lakini niliporudi mtoto, binti huyuhuyu, alishatoka, na mkunga alishampokea kwa mikono aliyoifuta kwenye kitambaa. Siku ya tatu homa ikampanda mdogo wangu. Siku ya tano nilishuka tena bondeni na dumu lilelile, tukamwosha, tukamzika.

Watu walilalamika mpaka redioni. Nilikuwa nashona waziri alipojibu, wala hakupandisha sauti: bomba alilifungua mwenyewe, maji aliyaona kwa macho yake, na wananchi walishangilia. Nilimchukia mpaka sindano ikanichoma. Nilitafuta uongo katika maneno yake, sikuupata. Tulikuwa tumembebea ukweli wake kichwani.

Juzi binti aliniuliza kwa nini naogopa bomba. Nikamwambia ale kwanza. Nitamwambiaje kwamba siku ile mama yake alikuwa hai, ameketi kwenye benchi, na mimi nilipiga makofi?