Korja ya Umeme

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa hatoki. Nyumba yetu ya Ibra, Oman, ilikuwa na geti la chuma la kijani, na tangu nilipoolewa pale, miaka ya tisini ikianza anza, sikupata kumwona akilivuka ila kwa hospitali au kwa msiba. Mara moja tu alitoka kwa hiari yake, kwenda soko la wanawake la Jumatano, akarudi amenuna. Kiarabu chake cha Unguja kiliwachekesha wauzaji, wakaanza kumsemesha polepole kama mtoto. Mwanamke aliyekuwa akisikilizwa na mtaa mzima kwao Unguja! Akavua buibui, akalitundika, akasema, "Mimi na Ibra tumeshaonana. Anayenitaka atanikuta hapa."

Na kweli walimtaka. Kila siku baada ya chakula cha mchana, Ibra yote inapofunga madirisha na kulala, kwetu ndio kwanza kunakucha. Walikuja wanawake kutoka pande zote za mji, mmoja akiletwa na mwanawe kutoka Samad Ash Shan. Wengi walizaliwa Unguja na Pemba, mmoja Mombasa, mmoja Bujumbura. Wote Waarabu wa Oman kwa pasi na Waswahili kwa ulimi. Walijaa kwenye majilisi yetu, sebule kubwa ya wageni, kiyoyozi kinanguruma dirishani, visheti na kahawa katikati, na maneno hayo, wee! Watu walioana, wakaachana na wakarudiana pale kwenye mkeka bila wenyewe kujua.

Mwanzoni walinichosha. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, narudi kutoka skuli miguu inawaka, nakuta viatu mlangoni kama kuna arusi. Tena walikuwa wakinitania, maana mimi nilizaliwa Tabora, na mavyaa alidai Kiswahili changu kimepanda treni. "Njoo, mwanangu wa reli," ataniambia, "njoo utusemee kibara tucheke." Lakini kutwa nzima skuli nilikuwa nikisema Kiarabu cha vitabuni, na haukupita muda nikajikuta nafukuza darasa la mwisho nisije nikakosa umbea.

Jirani yetu wa ukutani hakuwamo. Huyo alikuwa mwanamke mwenyeji wa Ibra, baba na babu, hajui neno la Kiswahili. Alituamkia kupitia juu ya ukuta, na mavyaa akimjibu kwa kichwa.

Basi kiangazi kimoja joto lilikuja na hasira zake. Bili ya umeme ikapanda, mwezi uliofuata ikapanda tena. Mume wangu ni mtu wa ofisi, anapenda kila kitu kikae mahali pake, akaenda kumuuliza mume wa jirani. Nyumba sawa, viyoyozi sawa, na bili ya mwenzetu haifiki nusu ya yetu.

"Bei ya umeme ni moja," mume wangu alisema. "Haipandi, haishuki. Mita yetu ndiyo inayokimbia." Akaenda ofisi ya umeme kugombana.

Alirudi amepoa, na siku ile ile alikuwa anasafiri kwenda kozi ya kazi, Salala, mwezi mzima. Begi mkononi, gari inamsubiri nje, akatuambia mimi na mama yake pale mlangoni: "Kumbe umeme hauna bei moja. Ukizidi kiasi, bei inabadilika. Angalieni sana hicho kiyoyozi." Akambusu mama yake kichwani, akaenda zake.

Mavyaa alibaki akiyatafuna maneno yale. Baada ya magharibi akaniita.

"Umemsikia? Ukizidi kiasi, bei inabadilika. Kumbe na hawa wana korja!"

Marehemu mkwe wangu alikuwa na duka la kanga Unguja. Korja ni kanga ishirini. Anayenunua doti moja hulipa rejareja, na anayechukua korja nzima hupata bei nyingine, nafuu, na kikombe cha kahawa juu yake. Mavyaa alikaa nyuma ya duka lile miaka, na biashara aliijua kuliko alivyojua kupika.

"Sisi tumekwama katikati," alinieleza. "Rejareja tumeivuka, korja hatujaifika. Ndiyo maana tunaumia. Dawa yake ni kutumia tufike."

Nilitaka kubisha. Lakini nani abishane na mke wa mwenye duka? Mimi hesabu zangu ni za ubaoni, hazina kahawa juu yake.

Kesho yake akatangaza kikaoni. Kila mwenye nguo za kupiga pasi azilete kwetu. Kila mwenye nyama aje aiweke kwenye friza letu. Mwenye kufua, afue kwetu. Bili tutachangiana, kwa bei ya korja, na kila mtu atapata nafuu. Wanawake wakashangilia. Kidole kimoja hakivunji chawa, wakasema, na keshoye wakaja na mabunda vichwani.

Mwana wee, ule mwezi! Majilisi iligeuka nyumba ya dobi. Pasi nne zinakwenda pamoja, kanzu za waume wa watu zimetundikwa mpaka kwenye mapazia, mashine ya kufulia inaruka ruka uani, viyoyozi vyote vinanguruma hata kwenye vyumba visivyo na mtu. Friza likajaa mbuzi wa nyumba tano, na mwanamke wa Mombasa akawafunga wake uzi mwekundu wasije wakaliwa na wasiowafuga. Siku moja zilichomekwa pasi zote pamoja, taa zikafifia, na mavyaa akapiga makofi.

"Mmeona? Tunakaribia!"

Nilicheka mwezi ule kuliko mwaka mzima uliotangulia. Hata sasa nikisikia harufu ya nguo iliyopigwa pasi moto moto, nacheka.

Mume wangu akarudi, bili nayo ikaja. Alifungua bahasha amesimama, akaisoma amekaa. Mavyaa alimpokonya karatasi, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Wamekosea. Wametuandikia rejareja. Nenda kawaambie sisi ni watu wa jumla."

"Jumla gani, Mama?"

Tukamweleza. Maskini mume wangu hakujua acheke au alie. Akatukalisha, akatuhadithia alivyoambiwa na karani wa umeme, kijana mpole aliyekwisha choka kuulizwa swali lile lile. Umeme una ngazi. Ngazi ya kwanza ni rahisi. Ukiijaza, unachotumia baada ya hapo unalipia bei ya ngazi ya pili, ghali zaidi, na ukiijaza hiyo unapanda ya tatu, ghali kuliko ya pili. "Nikamuuliza, kwa hiyo mimi na jirani mnatuuzia bei mbali mbali? Akaniambia, hapana, ngazi ni zile zile. Jirani yako amesimama chini, na wewe umefika darini."

Mavyaa alishika shavu. "Toba! Kila ukinunua sana wanakuzidishia? Biashara gani hiyo ya kumwadhibu mteja mzuri?"

"Hawataki tutumie sana, Mama."

"Basi kwa nini wanauza?"

Mume wangu akaikunja bili, akaitia mfukoni.

Wale wanawake ni watu wa maana, wote walileta mchango wao na nyama zao wakachukua. Lakini mume wangu alisema neno ambalo najua lilimuuma kulisema. "Mama, niwie radhi. Kikao basi. Angalau mpaka joto lipungue."

Majilisi ikafungwa. Mavyaa hakugomba, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu yeye akigomba ujue mzima. Alilala kwenye chumba chake kidogo chini ya feni, uso umeelekea ukutani. Chakula akawa anakionja tu. Siku ya nne akaniambia nimtafutie gari la Maskati, aende akakae kwa binti yake, kwa kuwa hapa sasa ni sawa na mzigo uliosahauliwa bandarini. Nilikwenda jikoni nikalia. Nilimlilia yeye na nikajililia mwenyewe, maana kumbe sehemu pekee katika mji ule niliyokuwa nikicheka kwa lugha yangu ilikuwa kwenye mkeka wake.

Sikumtafutia gari. Nikamwambia magari yote yamejaa, na yeye akajua nasema uongo.

Alfajiri moja baada ya sala akanigongea mlango.

"Mwanangu wa reli, amka. Hawa wa umeme wanataka mtu asipande juu, sivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Basi tusipande. Tukae wote chini." Macho yalikuwa yanamwaka. "Leo nyumba moja inatia baridi, na wengine wote wanazima kwao wanakwenda pale. Kesho nyumba nyingine. Mpaka zamu inazunguka. Upatu! Badala ya pesa tunacheza baridi."

Unguja yeye alikuwa kijumbe, yule anayeshika upatu wa wanawake, anayekusanya na kutaja zamu ya nani, na hakuna aliyepata kumlia hata senti. Mume wangu alipiga hesabu mara mbili akitafuta kosa, hakuliona. Tukaanza kupiga simu. Wote waliitikia kwa vigelegele, ila yule wa Mombasa, mwenye ulimi wake, akauliza:

"Na wewe kijumbe utatoka?"

Nilimwona mavyaa ameishika ile simu, macho yako getini. Hilo hakuwa amelifikiria. Upatu maana yake kila mtu anakwenda. Kikao chake atakipata, lakini nje ya geti la kijani.

"Nitaona," akasema, akakata.

Jioni ile ile geti likagongwa. Alikuwa jirani wa ukutani, sahani ya tende mkononi, na alisema na mimi kwa Kiarabu, haraka haraka, kwa haya. Siku zote hizo alikuwa akikaa upande wake wa ukuta akisikiliza kicheko chetu. Haelewi neno, lakini kilikuwa kinamchangamsha. Sasa kilipokatika alidhani tumefiwa na hatukumwambia, akaja kutoa pole. Nikamweleza habari ya ngazi na ya upatu. Akacheka mpaka tende zikamwagika, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuingia mchezoni.

Kura zilipigwa kwenye bakuli la visheti. Zamu ya kwanza ikaangukia kwa jirani.

Mavyaa aliitazama ile karatasi kama bili. Mchana ulipofika, wanawake walikwisha pita wote wakaingia kwa jirani, na yeye bado amekaa kitandani. Nikalitungua buibui lake, nikasimama nalo mlangoni.

"Watanicheka," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua.

"Wakikucheka na mimi nitawasemea kibara, wacheke zaidi."

Akanitazama. Akanyoosha mkono. Kutoka geti letu mpaka la jirani ni hatua chache tu, lakini alinibana vidole mpaka vikafa ganzi. Jirani akatupokea, akamkalisha mahali pa heshima, akaanza kumwamkia kwa Kiarabu polepole, neno moja moja. Vile vile kama wale wa sokoni. Mavyaa akainua kichwa, na kwa Kiarabu chake kile kile cha Unguja, bila kukirekebisha hata kidogo, akasema, "Sema mbio, binti yangu. Mimi mzee, sina muda wa kukusubiri."

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, na jirani ndiye aliyecheka kuliko wote. Alimkumbatia, akambusu mkono, akaanza kusema mbio kweli kweli, na mavyaa akamjibu mbio.

Bili zikashuka, zetu na zao. Mavyaa akaonja joto la kila mtaa wa Ibra na baridi ya kila nyumba. Hata soko la Jumatano alirudi, akiwa na jirani ubavuni, akateta bei mpaka wauzaji wakamwomba aende zake.

Mume wangu lakini hakusamehe nafsi yake. Kila akiiona majilisi imefungwa, aliona amemnyang'anya mama yake kitu. Majilisi ile ilikuwa na mlango wake wa nje, basi akaomba iwekewe mita yake peke yake, ianze ngazi ya chini. Akawa anakwenda na kurudi miezi, hatuambii. Kiangazi kilichofuata ikakubaliwa. Siku mita ilipofungwa alikuja kunifuata skuli, anatabasamu kama bwana arusi. Alikwisha washa kiyoyozi, ametandika mkeka, na kahawa amepika mwenyewe, Mungu amsamehe.

"Mama!" akaita tulipofika. "Mama, njoo uone!"

Nyumba kimya. Kwenye msumari, buibui hakuna.

"Kamwite," akaniambia. "Mwambie kikao kimerudi nyumbani. Kila siku akitaka."

Nikaenda kwa jirani, maana zamu ya siku ile ilikuwa yake. Mavyaa alikuwa amekaa katikati ya wanawake wa Kiswahili na wa Kiarabu, anawafundisha wenyeji waliokwisha ingia mchezoni kuhesabu moja mpaka kumi kwa visheti, na anayekosea halili. Nikachuchumaa nikamnong'oneza habari yote, ya mita na ya mkeka. Alinishika uso kwa mikono miwili, machozi yakamlenga.

"Mwambie Mungu amzidishie, nimeridhika naye dunia na akhera," akasema. "Na mwambie azime. Zamu yetu Jumatatu."