Redio Zote Zilikuwa Zimezimwa

Mume wa dada yangu ni fundi redio, mrefu, mwembamba, na mtaa mzima unamwita Antena. Jina hilo nilimpa mimi na sijuti. Mimi ni fundi cherehani, nashonea mlangoni kabisa mwa duka lake, kwa hiyo kila anachosema nakisikia na kila anachovuta nakivuta. Bi harusi mmoja alinirudishia gauni, akasema linanuka kama kibanda cha mlinzi. Nikamfuata Antena nalo mkononi.

"Shemeji, hebu nusa."

Akanusa. "Sisikii kitu."

"Utasikiaje, na pua yako imegeuka bomba la moshi?"

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika meza. Gauni nikalifua upya mimi.

Meza yenyewe ukiiona utaihurumia. Ukingo mzima una makovu meusi, pale anapoegesha sigara akishika chuma cha kulehemu. Lakini haki ya mtu mpe: kazi anaijua. Mtu humletea redio iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, yeye huiinamia, huweka sikio kwenye spika, hufumba macho, kisha husema, "Hapa pana waya unalia." Na kweli akifungua, anaukuta.

Ukuta wa mbele wa duka kampuni ya sigara iliwahi kuuchora bure. Mwanamume ana meno meupe kama chumvi, sigara mdomoni, gari jipya nyuma yake. Meno meupe, mvuta sigara! Niliwahi kuyaona wapi? Mtoto wa pekee wa Antena na dada alijifunzia kusoma pale. Neno la kwanza alilolisoma maishani mwake, yumo ndani ya kaptura ya shule, lilikuwa jina la sigara, na sisi watu wazima tukampigia makofi. Wajinga ndio waliwao, nasi tuliliwa huku tunachekelea.

Sheria ilipokuja kukataza matangazo yale, watu wa halmashauri walimwambia afute. Antena akawaka. "Kuuza ruksa, kuchora haramu? Hiyo akili gani?"

"Kwani yule kwenye ukuta ni ndugu yako?" nikamuuliza.

Akaenda kutafuta chokaa. Aliupaka mwenyewe, sigara mdomoni.

Miaka ikaenda, yule mtoto akakua, akawa dereva wa malori, akaoa. Mkewe, mkamwana wetu, akapata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi mji mwingine, mwaka mzima. Mume leo yuko huku, kesho kule. Binti yao mdogo, ambaye hata meno hayajamtosha mdomoni, angekaa na nani? Antena hakungoja kuulizwa. "Atakaa kwa babu yake. Maneno yameisha." Akanunua mbao, akapiga randa, akatengeneza kitanda kidogo na kukipaka rangi ya bluu. Tangu nimjue sijamwona na furaha ile, hata siku alipomwoa dada yangu, na siku hiyo nilikuwepo.

Ila mkamwana akawa haingii ndani. Kila akija anakaa na mtoto kwenye benchi la uani. Ukimkaribisha, "Hapa pananitosha, Mama, ndani kuna joto." Siku moja manyunyu yakaanza, naye bado anaona joto. Antena aliumia sana. "Anatudharau," alimwambia mkewe. "Nyumba ya fundi redio haiwafai wauguzi." Dada yangu, ambaye hata inzi humtaka radhi kabla ya kumfukuza, akapeleka chai benchini.

Nikamfuata mkamwana kule benchini, nikamwambia aseme. Akatazama chini. Zamani kila walipolala kwetu, wakirudi kwao mtoto alikosa pumzi. Daktari amesema ni pumu, asikae penye moshi, hata ule ulioganda kwenye mapazia na nguo za watu.

"Sasa Baba nitamwambiaje, Mama Mdogo? Mkwe yule!"

Alikwishakata shauri ampeleke mtoto kwa mama yake mzazi, safari ya kutwa, na sababu ibaki kuwa joto.

Basi, nikasema, mkwe ni wako, wangu ni shemeji, na mdomo wangu hauna breki. Nikamweleza Antena yote pale pale mezani kwake. Alinisikiliza huku anatafuta skrubu.

"Nitavutia dirishani," akasema.

"Moshi umeambiwa usirudi ndani?"

"Babu yangu alivuta akafika miaka tisini."

"Na wasiofika je, umewauliza?"

Hapo akakasirika kweli. Akaniambia nishone nguo, nisishone maisha ya watu. Nikashona, nimevimba kama andazi.

Jumamosi moja mkamwana alikuwa na shughuli ya karibu, akamwacha mtoto uani na dada. Mtoto anajua nini siri za wakubwa? Akamponyoka bibi yake, akakimbilia dukani, akampanda babu magotini. Akachezea vifungo vya redio mbovu mpaka usingizi ukamchukua, uso umezama kwenye shati la babu linalonuka moshi. Mimi nikasimamisha cherehani nitunge uzi. Pakawa kimya.

Antena akainua kichwa. "Shemeji, umewasha redio?"

"Niwashe ya nini?"

"Iko moja inapiga mluzi. Stesheni haijakaa."

Kwa mkono mmoja, asimwamshe mtoto, akazungusha kifungo cha redio hii, akazungusha cha ile, akachomoa waya ukutani. Mluzi uko pale pale. Akainamisha sikio kama kawaida yake, akaufuata polepole, ukamfikisha mgongoni mwa mtoto.

Hakuliondoa sikio. Mtoto akivuta pumzi, mluzi. Akiitoa, mluzi. Nilimwona Antena anavyobadilika uso, na wallahi nilimwonea huruma, mimi niliyemsema asubuhi na jioni. Akainuka, akampeleka uani penye hewa. Dada akamwita mama mtu, akarudi mbio na kichupa cha dawa ya kupulizia mdomoni, na taratibu pumzi zikatulia.

Msidhani aliacha siku ile. Sigara haizimwi kama taa. Mapazia tulifua, kuta tulisugua, pakiti akaitupa jalalani. Kesho yake nikamkuta nyuma ya bafu anavuta, macho chini. Akaenda zahanati kuomba ushauri. Akawa mkali, anatafuna njiti za kiberiti, anamgombeza hata paka. Siku zikapita pasipo harufu dukani, wateja wangu wakaanza kunisifia nguo.

Siku ya safari mkamwana akaja na mtoto na mabegi. Akaingia mpaka sebuleni, akapiga goti kumwamkia mkwewe, akasema bila kumtazama, "Baba, tumeona mnavyojitahidi. Nimefikiri, mtoto abaki kwenu."

Dada akaweka mikono kichwani kwa furaha. Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Antena alitakiwa kusema neno moja tu: asante.

"Mwanangu," akasema, "jana nilivuta. Si mara moja."

Mwanamume mzima, mbele ya mkamwana wake!

"Hakuna aliyeniona. Ningeweza kunyamaza," akasema. "Namtaka huyu mtoto, Mungu anajua. Lakini mpeleke kwa mama yako. Nikiweza, nitakuja kumwomba mwenyewe."

Akabeba begi la mtoto mpaka kituoni. Njiani alisimama mara kwa mara kutafuta pumzi, na mtoto naye akawa anasimama kumngoja, akidhani ni mchezo.

Aliporudi alikaa mezani kwake, mikono mitupu.

"Haya, Shemeji," akaniambia, "nitukane basi."

Nikavuta kiti, nikakaa naye.