Kilima Kilichofagiliwa

Namshukuru Mungu kwa mengi, hata kwa miaka ya njaa. Lakini kilima kile cha Mandawa kinanichoma hadi leo, na sitajifanya nimesahau.

Miaka ile Nachingwea ilipojaa matrekta ya wazungu wa karanga, nilikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye gari la mbio la viti viwili, fupi, tumbo lake karibu liguse ardhi, hata watu wakaliita kenge. Kwao aliliendesha wakati wa baridi, juu ya theluji na barafu, na mbinu zake alinifundisha vizuri, sitamdhulumu: gia ya pili, mafuta kidogo kidogo, breki usiikanyage ghafla, mkia wa gari ukikimbilia kushoto nawe zungusha usukani kushoto. Nikaona udongo wetu mwekundu ukilowa ni barafu ileile, ila hauna baridi.

Siku tuliyokwenda Ruangwa aliutaka usukani mwenyewe. Jumbe wa Mandawa alikuwa ameambiwa mzungu atapita, akawaagiza wanawake wafagie njia, kama tunavyomfagilia mgeni yeyote wa heshima. Wakafagia kilima kizima. Mchanga na majani yakaondoka, ukabaki udongo mtupu, laini kama sahani. Kisha mvua ikanyesha.

Tulipofika juu nikamwambia, "Bwana, simama nishuke nipime kwa mguu."

"Unifundishe utelezi wewe?"

Katikati ya mteremko akaogopa, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likazunguka mara mbili, likatumbukia mtaroni, madigadi ya mbele ikapasuka. Hatukuumia, alhamdulillahi. Wanawake walewale wakaja kusukuma, na mmoja akanitania, "Shemeji, kenge wenu kalala mapema leo." Wenzake wakacheka. Mzungu akadhani anachekwa yeye.

Kesho yake akaniita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi inayosema aliyeendesha ni mimi.

"Tia sahihi," alisema. "Nitakuombea, utapewa onyo tu. Ukikataa, leseni yako naichukua na hutaendesha tena hapa."

Leseni ile niliihangaikia miaka miwili, na ndiyo iliyotulisha nyumbani. Lakini kwenye chuo cha Kurani nilifundishwa kwamba ushahidi wa uongo ni dhambi kubwa, wala sikufundishwa kwamba mtu akijishuhudia uongo mwenyewe inapungua.

"Uliendesha wewe, bwana," nikamwambia. "Wanawake wa Mandawa wote walikuona."

"Nani atawauliza wao?"

Na kweli, hakuna aliyewauliza. Leseni ikaingia kwenye droo yake, mimi nikashika njia ya kwetu Chiola kwa miguu.

Watu huniambia, mzee, samehe. Ile breki nilimsamehe palepale mtaroni, kwa sababu woga ni wa kila mwanadamu. Karatasi aliiandika akiwa ameketi, amekunywa chai yake, haogopi kitu. Hiyo namwachia Mungu, nami mwaka ule nikalima ufuta.