Msemaji wa Jiko la Bizari

Siku ya kwanza niliyoingia jikoni kwa Mama Mwenye Duka, pale Mtendeni, sikupewa mchi wala mwiko. Nilipewa kiti. Nilikaa asubuhi nzima nimefumba macho, yeye akipitisha viungo chini ya pua yangu, mimi nikivitaja. Giligilani nikaijua. Uzile nikaujua. Uwatu nikauita dawa ya tumbo, akacheka, akasema, "Hata hiyo si uongo. Kesho uje umeoga, na usijipake manukato." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Ningejua jinsi miguu itakavyoniuma uzeeni, kile kiti ningekikalia vizuri zaidi.

Mama huyo alizaliwa hapa hapa Tabora, wazazi wake walitoka Punjab. Nyuma ya duka lake tulikuwa tukikaanga na kusaga bizari za kuuza. Siku hizi mnadhani bizari ni ile ya manjano iliyo kwenye pakiti, basi. Sisi tulikuwa na bizari ya kila upande wa njia. Ya watu wa mjini ilikuwa ya pilau: uzile mwingi, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na ukitia manjano humo unaonekana hukulelewa. Iliyokwenda upande wa Kigoma, kwa ajili ya samaki wao, mgebuka, ilikuwa na tangawizi kavu na pilipili kali. Ya Mwanza ilikuwa ya sato, yenye uwatu na mbegu za haradali. Ya Sikonge ilikuwa ya maharage, giligilani imetawala, maana wateja wa kule hawakupenda kuwashwa.

Kila kiungo kilikaangwa peke yake kwenye karai kavu, moto mdogo, kwa sababu kila kimoja kina wakati wake wa kuiva. Uwatu ndio msumbufu. Ukizidisha moto kidogo tu unakuwa mchungu, na uchungu huo hauondoki hata utie nini. Kwa hiyo kulikuwa na sheria: anayesema ni mmoja. Tulimwita msemaji wa jiko. Wengine mnaweza kuona, mnaweza kunusa, lakini neno "imeiva" linatoka kwake. Mama alikuwa akisema, "Jiko la wasemaji wawili haliivishi kitu." Alipoanza kuchoka, usemaji akaniachia mimi.

Kabla ya hapo aliniazimisha Bukene, kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, nikapike sato kwa mafuta ya haradali kama alivyonifundisha. Mafuta hayo yakiwa mabichi yanachoma pua mpaka utosini. Unayaweka motoni mpaka yatoe moshi mwembamba na ule ukali ulainike. Sisi tulisema yamevunjika. Hapo unaipua, unayaacha yapoe kidogo, ndipo unatia mbegu na vitunguu. Ukichelewa kuipua yanashika moto. Mimi sikuyatazama kamwe. Nilikuwa naweza kumenya vitunguu nimeyapa mgongo, pua ikaniambia.

Msimamizi wa nyumba ile aliniita siku ya pili, uso umemshuka.

"Bi Mwasiti, wageni wanauliza, haya si mafuta ya kuchulia miguu?"

"Ndiyo hayo hayo," nikamjibu.

"Sasa tunawalisha dawa ya kuchua?"

"Bwana Msimamizi, waambie wale kwanza, miguu watachua wakishiba."

Walikula. Lakini mpaka naondoka Bukene waliniita Mama wa Kuchua, na wakubwa kwa wadogo walinisalimia kwa jina hilo.

Niliporudi Mtendeni nilimkuta Debora. Alikuwa Mkristo Mmoraviani wa Sikonge, mdogo wangu kwa umri, mkimya, mwenye mikono isiyotulia. Huyu aliajiriwa kwa ajili ya Ramadhani. Mwezi ule ndio tulioelemewa na kazi, kila nyumba inataka bizari ya sambusa na ya pilau ya Idi, na wakaangaji karibu wote tumefunga. Wapo masheikh wanaomruhusu mpishi aonje kwa ncha ya ulimi na kutema. Mama hakuwa Mwislamu wala Mkristo, na hakutaka kutuingiza kwenye mjadala huo. Akaamua sisi tunuse, Debora aonje. Akishaonja haongei. Anatikisa kichwa au anainamisha, mimi nanusa, kisha nasema. Ikifika Kwaresima, Debora hagusi nyama, basi mchuzi wa kujaribia bizari ya nyama nauonja mimi. Tuliishi hivyo miaka mingi, na sikumbuki tuligombana.

Mama alipofariki, duka likashikwa na meneja, ndugu yake kutoka Mwanza. Mimi nikabaki msemaji. Masika moja nikapata mafua, yakapona, harufu haikurudi yote. Nilisikia karafuu, nilisikia kitunguu kinachoungua, nikadhani nyingine zitafuata. Kifua cha mtu aliyevuta moshi wa pilipili ujana wake wote hakina haraka.

Ramadhani iliyofuata tulikuwa tunatengeneza achari ya maembe. Sufuria kubwa ya mafuta ya haradali ilikuwa motoni, Debora anachochea kuni, mimi nimekaa nimelipa jiko mgongo nachambua pilipili. Nilikuwa nangoja. Niliona mafuta ya siku ile ni mazito kuvunjika. Mara nikasikia Debora anaita jina la Yesu, nikageuka, sufuria inawaka. Aliufunika moto ule kwa mfuniko, kwa mkono wake, na mkono ukaungua kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

Nilimmwagia maji mkononi. "Debora, uliona moshi?"

"Niliuona, dada."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanitazama kama niliyemuuliza jambo la ajabu. "Msemaji si wewe? Nilijua umesikia."

Hilo ndilo lililonichosha, kuliko kazi yote ya kabla yake. Hakukosea. Alifanya kama tulivyofundishwa. Meneja hakunifokea. Alisema tu, "Bi Mwasiti, umefanya vya kutosha. Kapumzike." Nilivua aproni, nikaikunja, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Sasa nipumzike na nini? Hata harufu zile chache zilizobaki zimekwisha. Chakula kwangu ni chumvi, ni moto, ni pilipili. Pilau ya arusi na wali mweupe kwangu ni mamoja. Mafuta ya haradali bado ninayo, nachulia miguu, na wale watu wa Bukene wangefurahi kujua kwamba wamenishinda. Mwaka wa kwanza wa kustaafu nilimkwepa Debora. Nikiuona mkono ule sokoni nilipita njia nyingine, kwa aibu, ingawa mwenyewe alinipungia huo huo.

Ramadhani hii alikuja kwangu bila kualikwa, karibu na magharibi, ameshika chupa ya asali ya kwao.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ndani."

Alinikuta jikoni. Mazoea yana taabu. Nilikuwa nimekaanga bizari yangu ya kufuturia kama zamani, nikaisaga kwa kinu, na nilikuwa nimesimama nimeishika sijui niipeleke wapi. Nikaimwaga kidogo kwenye kiganja chake, kile chenye kovu. Akanusa, akaonja. Kisha akainua macho, akaningoja mimi.

Moyo uliniuma. Hata hapa, nyumbani kwangu, bila Mama wala meneja, bado ananingoja.

"Sisikii kitu, Debora," nikamwambia. "Sisikii chochote. Kuanzia leo msemaji ni wewe."

"Mimi, dada?"

"Wewe. Sema."

Alinusa tena, akafikiri. Alijifuta kiganja kwenye khanga polepole, nikadhani atanionea huruma.

"Umeunguza uwatu," akasema. "Imwage. Lete karai."

Nikamletea.